Eda ya Bi Shufaa

Tangu saa nne mmenizunguka mnataka ya Bi Shufaa, na mihogo yangu haijamenywa. Haya. Atakayeogopa kwenda chooni peke yake asiniite.

Bi Shufaa alikuwa jirani yangu hapa Kiwangwa. Uzeeni akawa anasahau kila kitu. Hospitali walisema ubongo ndio unakufa kidogo kidogo, si uchawi, dawa hakuna, atunzwe. Kazi ikamwangukia mkwewe, Zuwena, mwanamke aliyezaliwa kachoka. Na bibi alikuwa hatulii. Anatoka, anapotelea kwenye mashamba ya mananasi, anarudishwa miguu imechanika.

Asubuhi moja Zuwena akamnong'oneza, "Mama, baba kafariki. Ingia ndani ukae eda."

Mume wa bibi, Mzee Bwanausi, alikuwa kaburini miaka sita. Bibi wa watu akalia, akavaa nguo nyeupe, akaketi chumbani. Mjane wa eda hatoki. Kesho kasahau. Zuwena akamfisha mzee tena. Kila asubuhi, mwaka mzima.

Nikamwambia, "Wewe, maiti hachezewi."

Akacheka. "Bibi, kwani anakumbuka? Kinamuuma nini?"

Kinamuuma nini! Kilio kile nilikisikia kila nilipowasha moto. Hakikupungua hata siku moja.

Siku moja nikapeleka uji. Zuwena kainama sikioni, kama kawaida yake. Bi Shufaa hakulia. Akamtazama kwa macho yake ya zamani, ya mtu mwenye akili zake.

"Najua," akanong'ona. "Yupo hapa. Kasema kachoka kufa."

Godoro pembeni yake likabonyea. Polepole. Hapakuwa na mtu.

"Kasema sasa ukae wewe."

Wiki ile Bi Shufaa akafa, usingizini. Siku ya pili baada ya arobaini yake, Zuwena akaamka akipiga ukunga, akavaa nguo nyeupe. Mumewe, Muharami, kasimama mbele yake.

"Mke wangu, si mimi huyu?"

Akajifunika uso asionwe na mwanamume wa nje. Kesho yake vilevile. Mwaka wa nne huu. Kila alfajiri msiba ni mpya, na sikio lake la kulia hukutwa na udongo mbichi.

Muharami amekoma kubishana naye. Chai humwachia nje ya mlango, abishe hodi, aondoke kabla hajaonekana.