Matawi Nyuma ya Lori

Kila asubuhi Chiriku alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, kisha akanywa chai peke yake huku shangazi akikanyaga cherehani yake chumba cha pili. Jina hilo alipewa na baba, maana mtoto huyu alikuwa na mdomo, jamani, si mchezo! Alipiga soga hata na kuku. Lakini tangu baba afungwe, hata kuku walikuwa wameanza kuisahau sauti yake.

Shuleni dawati lake lilikuwa la watu wawili, naye akalikalia peke yake. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, wakinong'ona, "Baba yake ndiye yule wa lori." Chiriku akajifanya hasikii.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wakati wa likizo Chiriku alifuatana na baba safarini, na lori likaharibika kwenye kona. Baba akakata matawi, akayatandaza barabarani nyuma ya lori, kama madereva wanavyofanya ili wanaokuja wajue kuna gari bovu mbele. Giza lilipoanza kuingia, kijana mmoja wa pikipiki akatokea kwenye kona, akaligonga lori kwa nyuma, akafa papo hapo. Polisi hawakukuta tawi hata moja barabarani. Hakimu akamwona baba mzembe na mwongo, akamfunga.

Jioni moja wakili wa baba alikuja nyumbani.

"Rufaa itasikilizwa hivi karibuni, dada," alimwambia shangazi aliyekuwa akishona. "Kinachotukwamisha ni matawi. Ndugu yako anasema aliyaweka. Nikimuuliza yalikwenda wapi, anafunga mdomo kabisa."

"Kaka yangu si mwongo, wakili."

"Nakuamini. Lakini jaji atataka ushahidi."

Chiriku alikuwa mlangoni, akisikiliza.

"Niliyatoa mimi," alisema.

Cherehani ikanyamaza.

"Injini iliwaka, nikajua tunaondoka. Baba huwa hataki tuache matawi barabarani. Nikashuka mbio, nikayatupa mtaroni ili nimfurahishe. Mara injini ikazima tena, baba akarudi chini ya gari bila kujua. Nikaogopa kumwambia, atanigombeza. Nikasema nitayarudisha baadaye kidogo." Akaanza kulia. "Ndipo pikipiki ikaja."

"Mwanangu! Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Mtasema nimeua mtu, shangazi."

Shangazi akamvuta kifuani, akalia naye.

Jaji alikubali kumsikiliza Chiriku katika chumba kidogo, shangazi akiwa kando yake. Picha za polisi zenyewe zilionyesha matawi mabichi mtaroni. Hakuna aliyekuwa ameuliza yalifikaje huko. Siku ya uamuzi, jaji alisema dereva alichukua tahadhari iliyompasa, akaifuta hukumu na kumwachia baba huru.

Nje ya mahakama alisimama mama wa yule kijana. Chiriku alimwendea.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Mwanangu harudi," mama yule alisema. "Ila nilikuwa nalala nikiamini amekufa kwa sababu ya mtu asiyejali. Leo nimejua ukweli. Angalau umenipa hilo." Akajifunga vizuri mtandio wake, akaondoka.

Walipofika nyumbani, baba aliketi kizingitini, amekonda hata shati linampwaya.

"Baba, ulijua?"

"Niliyaona mtaroni baada ya ajali, nikajua ni wewe. Sikutaka jina lako litajwe mahakamani. Dereva ni mimi, mwanangu. Ilinipasa nigeuke niangalie."

"Nilikuwa naogopa utanigombeza."

"Ningekugombeza, tena sana!" Baba akamshika mkono. "Halafu tungeyarudisha pamoja. Kosa likisemwa palepale, tunakuwa wengi wa kulirekebisha. Ukilificha unabaki nalo peke yako, na mimi nikanyamaza nikakuacha nalo. Tumekosea wote wawili. Tusirudie."

Chiriku akafuta machozi.

"Haya," baba akasema, "niambie yote yaliyopita nilipokuwa sipo. Anza na kuku."

Akaanza na kuku.