Milango ya Buluu

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, saa nne asubuhi, foleni imefika barabarani. Binti alivaa ovaroli yenye madoa ya rangi na kitambaa cha njano kichwani. Kijana aliyekuwa nyuma yake alivaa shati jeupe, limepigwa pasi hadi kola ikasimama.

“Dada, na mimi nipake rangi kidogo. Nimepauka.”

“Wewe unahitaji plasta kwanza,” alimjibu bila kugeuka.

Kijana akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza fundi rangi wetu. Kijana walimwita Mpole. Simu zikaanza, asubuhi kabla ya chai, mchana binti akiwa juu ya ngazi.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Usinichunge kama mtoto.”

“Nitakuchungaje, na mimi mwenyewe nimepotea?”

Baada ya miezi mitatu Mpole akamletea kazi. Kampuni yake, alisema, inataka milango ya maduka yote kuanzia sokoni hadi darajani ipakwe buluu, bure kwa wenye maduka. Wiki hiyo mjomba aliyemlea binti tangu utotoni alikuwa amelazwa, amepasuliwa ngiri. Mjomba ndiye aliyeongoza genge lililoshika mtaa ule, na hakuna aliyefungua duka bila ruhusa yake. Nyumbani waliiita biashara, na binti alikuzwa asiulize.

Alipaka siku nne. Wenye maduka walimtazama wakanyamaza, maana huyu ni mpwa wa mkubwa. Asichojua ni kwamba buluu ilikuwa alama ya genge la mji wa jirani, na kiongozi wake alikuwa Mpole. Wenye maduka walipoona mpwa mwenyewe anaipaka, waliamini mjomba amesalimu amri. Siku ya tano vijana wa Mpole waliingia mtaani na hakuna aliyewazuia. Muuza vitambaa ndiye aliyemweleza binti maana ya rangi ile, kwa huruma, na hapo hapo binti akampigia Mpole simu.

“Ulinipenda au ulinitumia?”

“Vyote viwili,” Mpole alisema taratibu. “Hakuna aliyeumia, mpenzi. Sasa mtaa ni wangu. Nakuja leo kuposa.”

Binti alilia hadi macho yakavimba. Mchana mjomba aliporuhusiwa kutoka hospitali, binti alipiga magoti akamweleza yote.

“Nyamaza, mwanangu. Niachie mimi.”

Binti akaamini Mpole atafukuzwa kama mbwa. Saa kumi Mpole alifika, suti ya kijivu, viatu vinang’aa, na wanaume hao wawili wakajifungia sebuleni. Binti alisubiri jikoni, akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Mara akasikia wanacheka.

“Mwanangu,” mjomba aliita, mkono tumboni penye mshono, “tumeelewana. Stendi ya mabasi inabaki kwangu, mtaa ni wake. Harusi mwezi ujao, watu wajue tumekuwa ndugu.”

“Mjomba, umeniuliza?”

“Kwani humpendi?”

Alimpenda, na hilo ndilo lililomkata maini. Mpole alikuwa ameinamisha macho kama mkwe mwenye adabu.

“Nampenda,” binti alisema. “Lakini yeye alinidanganya, na wewe umeniuza. Sina mtu humu ndani.”

“Hasira tu hizo, zitapoa,” mjomba alimwambia Mpole.

Binti aliingia chumbani akafunga begi. Alipopita sebuleni na begi mkononi, hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wamesharudi mezani, wanabishana kama kituo cha mafuta kiko upande wa stendi au upande wa mtaa.