Koti la Mume wa Mtu

Kama hujawahi kuona mtu mzima akigombana na simu yake, ungekuwepo chini ya ngome asubuhi ile. Watalii wamejaa kama siafu, na katikati yao fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, gauni la njano kalishona mwenyewe. Simu kaiegemeza kwenye kiatu, anahesabu mpaka tano, anakimbia kupiga pozi mguu mmoja peku.

"Haki ya Mungu, simu hii ina kijicho!"

"Si kijicho, dada. Umeikata ngome kichwa."

Kiswahili! Siku ya tano hii katika nchi ya watu, peke yake, hajasikia neno hata moja analolielewa. Akageuka. Jamaa mrefu, koti la buluu, tabasamu la mtu aliyeshiba. Alikuwa fundi wa lifti; kozi iliyomleta huku imekwisha, sasa anatembea.

"Kumbe fundi mwenzangu," alisema yule mwanamke.

"Tofauti ipo. Mimi nikikosea, watu wanakwama ghorofa ya tisa."

"Na mimi nikikosea wanakwama kwenye suruali."

Ikawa hivyo kutwa nzima. Wakapanda ngome, wakavuka daraja, wakaigiza sanamu za makumbusho mpaka mlinzi akawakoholea. Ila jicho la Fundi wa cherehani halikubanduka kwenye koti la jamaa: kifungo cha katikati kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Jioni wakagundua wanapanda treni moja. Fundi anashuka mji wa maporomoko, jamaa anakwenda mpaka bandarini. Wakala pamoja behewa la chakula, goti likigusa goti kwa bahati mbaya, mara ya nne.

"Vua koti," Fundi akasema.

"Mapema hivi?"

"Vua, mshenzi wewe! Kifungo hicho kimeninyima raha tangu asubuhi. Sindano iko behewani kwangu. Kesho saa moja, chai hapa hapa, nakurudishia."

"Koti nilikose, Fundi. Wewe nisikukose."

Namba za simu hawakupeana. Mtu utakayekunywa naye chai kesho, namba ya nini?

Wasichojua ni kwamba treni ile alfajiri hukatwa katikati kama mkate: nusu bandarini, nusu maporomoko. Tangazo lilitolewa, tena mara tatu, ila kwa lugha ya wenyewe.

Saa moja Fundi akatoka, wanja umekaa, koti mkononi. Behewa la chakula halipo! Mbele yake kichwa kipya cha treni kinanguruma. Mkaguzi wa tiketi akamchorea kwenye kiganja: mstari mmoja, halafu miwili. Kabla hajajua alie au acheke, mfuko wa koti ukatetemeka. Simu ya jamaa. Kwenye kioo, herufi kubwa: MKE WANGU.

Moyo ukashuka kama lifti iliyokatika kamba.

Miaka mitatu nyuma aliwahi kumpenda mtu, mpaka siku mke wa mtu huyo alipoingia dukani kupimwa gauni. Fundi alimpima, akamshonea, akalia wiki mbili. Akaapa: waume za watu, basi. Simu ikalia mara sita. Hakugusa.

Alipofika, maporomoko hata hakuyauliza. Moja kwa moja kaunta ya vitu vilivyopotea pale kituoni, koti akaliweka juu. Amwachie, apande basi la uwanja wa ndege, arudi zake nyumbani. Ikalia ya saba. Akaona aibu. Mwanamke mwenzake ana haki ya kujua. Akapokea.

"Dada, samahani sana, mimi ni fundi tu, nimeshona kifungo, sina nia yoyote na mumeo..."

Kikamjibu kicheko kikavu chenye kikohozi ndani yake.

"Dada? Mwanangu, dada yako ana miaka themanini na mitatu. Mume wangu huyo nimemwosha mwenyewe kwenye beseni siku aliyozaliwa."

"Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Kila asubuhi namwamsha mume wangu. Leo ameamkia wapi?"

Fundi akaeleza yote, ngome mpaka treni. "Na... mke mwingine anaye?"

"Angekuwa naye, ningehangaika kumpigia na macho haya? Sasa hilo koti unampa nani?"

"Nalikabidhi kaunta, bibi."

"Kaunta itamuoa?"

Karani alikuwa keshaanza kuandika kikaratasi. Wakavutana koti kidogo. Fundi akashinda.

Akakaa kwenye benchi, koti mapajani. Treni ya kwanza, hayumo. Ya pili, hayumo. Saa sita, treni ya tatu ikasimama, akashuka jamaa na shati tu, meno yanagongana kama cherehani kibovu.

"Nimeshuka kituo cha kwanza nilichokiona, nikageuza," alisema akihema.

"Koti lako hili."

"Sikufuata koti."

"Mkeo kapiga."

"Mke? ... Mungu wangu, bibi! Fundi, ngoja nikueleze..."

"Keshanieleza yeye. Hata beseni."

Jamaa akashika kichwa kwa mikono miwili. "Leo jina hilo nalifuta."

"Thubutu! Mke mkubwa anaheshimiwa." Fundi akampa simu aifungue, akainyang'anya, akaingiza namba yake, na penye jina akaandika taratibu, mwenye simu akiona: MKE MDOGO.

Jamaa akasoma. Akasoma tena. "Fundi... hapa nani kamposa nani?"

"Vaa koti kwanza. Siposwi na mtu anayetetemeka."

Akavaa, akafunga mpaka kile kifungo cha katikati. Kutetemeka kukazidi. Akaposa hivyo hivyo.