Ndoo ya Mama Pacha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alichukua ndoo yake na kwenda kisimani. Jina hilo la utani alipewa na mwalimu wake wa darasa la kwanza, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, na likamganda. Hata nyumbani walilitumia. Mama yake alimwita kwa jina lake halisi siku za hasira tu.

Kisima kilikuwa nyuma ya ua wao, hatua chache kutoka kwenye uzio. Zamani mtu alichota na kuondoka. Siku hizi palikuwa na foleni, tena foleni yenye ugomvi, kwa sababu tangu kiwanda cha viatu kifunguliwe kando ya barabara kuu, watu walikuwa wakimiminika kutafuta kazi. Shamba la alizeti lililokuwa mbele ya nyumba yao lilikuwa limekatwa viwanja, na nyumba ziliota humo kama uyoga. Darasani, benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano, na wa pembeni aliandika huku nusu ya mwili wake ikiwa hewani.

Baba yake Chiriku alikuwa fundi mwashi, na kila mtu alimwita Fundi. Kwa miaka mingi alikuwa akitoka na mwiko wake asubuhi na kurudi nao jioni bila kuupaka hata tone la saruji. Sasa aligombewa. Alipoona wageni wanalala wanne wanne chumbani, naye akajenga vyumba vya kupangisha ndani ya ua wake, na nyuma ya vyumba hivyo akachimba choo kipya. Rangi haijakauka, vyumba vikajaa.

Chumba cha mwisho alikikodi dobi mmoja mwenye watoto pacha. Alifua nguo za wafanyakazi wa kiwandani, na kamba zake zilijaa mashati ya buluu kutwa nzima. Mama Pacha, kama walivyomwita, alisalimia vizuri, akaitika vizuri, lakini hapo ndipo maneno yake yalipoishia. Hakusema alikotoka. Hakusema aliko baba wa watoto. Kwa Chiriku, mtu asiyeongea alikuwa mtu anayeficha jambo.

Ndiyo maana asubuhi moja, kabla ya foleni, alipomwona kisimani peke yake, alijibanza nyuma ya uzio akachungulia. Mama Pacha alijaza ndoo yake, akaisogeza pembeni, akatazama huku na huku. Kisha akatoa kichupa kidogo kwenye pindo la kanga yake, akadondosha kitu majini, akafunika ndoo na kuondoka haraka haraka.

“Ahaa!” Chiriku alinong’ona. “Huyu ana lake jambo.”

Siku hazikupita nyingi, mdogo wake Chiriku akaanza kutapika na kuharisha. Mtoto aliyekuwa akikimbia ua mzima akalala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Mama alimbeba mbio hadi zahanati na kukuta mabenchi yamejaa watoto wa jirani, wote wakiwa na ugonjwa ule ule. Nesi alimpa dawa na maji ya chumvi na sukari, akawaambia wachemshe maji ya kunywa. Lakini kuni zilikuwa shida, na wengi walichemsha siku moja, ya pili wakaacha.

Kisimani watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

“Hivi nyinyi hamjaona?” alisema muuza mkaa, mama mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. “Watoto wetu wote hoi. Lakini wale pacha wa dobi wanaruka kamba tangu asubuhi! Wao wana matumbo ya chuma?”

“Mimi nilimwona akitia kitu kwenye maji,” Chiriku akaropoka.

Foleni nzima ikamgeukia. Muuza mkaa akaweka ndoo yake chini polepole. “Akitia wapi, mwanangu? Kisimani?”

Chiriku alijua kwamba haikuwa kisimani. Lakini hakuwa amewahi kuona watu wazima wakimsikiliza namna ile, vichwa vimeinama kuelekea kwake, hakuna hata mmoja anayemwambia anyamaze.

“Ndiyo,” alisema. “Pale pale kisimani.”

Kufikia jioni, kichupa kilikuwa kimekuwa chupa kubwa, na kilichokuwamo kilikuwa sumu. Mmoja alisema dobi alifukuzwa kwao kwa kosa hilo hilo. Mwingine alisema ametumwa ili watu wahame, viwanja vyao viuzwe. Wanawake walianza kulinda ndoo zao kama watu wanaolinda mizigo stendi. Wateja wa Mama Pacha walikuja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi. Pacha wakakaa mlangoni peke yao na kamba yao ya kuruka, na asubuhi iliyofuata mashati yaliyobaki yakakutwa yametupwa matopeni.

Mama Pacha aliyaokota moja moja, akayafua upya. Hakumuuliza mtu.

Majirani wakamwendea Fundi. “Wewe ndiye mwenye nyumba,” walimwambia. “Mwondoe.”

“Jumamosi hatakuwepo,” Fundi akajibu, kabla hata hawajamaliza kusema.

Walipoondoka, mama yake Chiriku alimgeukia mumewe. “Mbona umekubali upesi hivyo? Hata kumuuliza mwenzetu hujamuuliza!”

“Watu wameshasema. Unataka nigombane na mtaa mzima?”

“Sitaki ugombane. Nataka uniangalie ukiwa unaongea nami.”

Fundi hakumwangalia. Alichukua koleo lake akatoka nje.

Chiriku aliyasikia yote. Tangu hapo akaanza kumtazama baba yake kwa jicho lile lile alilomtazamia Mama Pacha. Alfajiri moja alimkuta nyuma ya vyumba vya wapangaji akimwaga mchanga na chokaa kando ya choo kipya.

“Baba, unafanya nini?”

Fundi alishtuka, karibu adondoshe karai. “Nafukia panya aliyekufa. Wewe una kazi gani huku? Nenda shule!”

Lakini harufu ile haikuwa ya panya. Ardhi ilikuwa na unyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa muda. Ndipo Chiriku alipokumbuka siku shimo lile lilipochimbwa. Aliwapelekea vibarua chai, akawakuta wametoka wakiwa na tope hadi magotini. Mmoja wao alisema, “Fundi, tumefikia maji.” Baba yake akamjibu, “Jengeni hivyo hivyo. Wapangaji wanaingia wiki ijayo.”

Chiriku aligeuka akatazama kisima. Kilikuwa karibu mno, kiasi kwamba angeweza kurusha kandambili na kukipiga.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na neno, na hakutaka kulisema. Akilisema, wapangaji watahama, na nani atampa kazi fundi aliyechafua maji ya mtaa? Baba atarudi kushinda njaa na mwiko mkavu. Asiposema, Jumamosi Mama Pacha ataondoka na watoto wake, na watu wataendelea kunywa maji yale yale. Chiriku aliporudi ndani, mdogo wake aligeuka mkekani na kuomba maji kwa sauti iliyofifia.

Jioni hiyo alienda kusimama mlangoni kwa Mama Pacha. Dobi alikuwa akifunga mabegi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kunichungulia kwa karibu leo?”

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. “Mama... kile kichupa kilikuwa na nini?”

Mama Pacha akakitoa kwenye kanga na kumpa mkononi. Kilikuwa na karatasi iliyobandikwa, na Chiriku akasoma mwenyewe: dawa ya kusafisha maji ya kunywa.

“Nilikotoka,” Mama Pacha alisema, “watu walijaa kama hapa, maji yakawa machache, yakachafuka. Nilikuwa na mtoto mwingine kabla ya hawa. Nilimzika. Tangu siku hiyo wanangu hawanywi maji nisiyoyatia dawa.”

“Sasa mbona ulikuwa unatazama huku na huku, kama... kama mwizi?”

“Kwa sababu mimi ni mgeni. Nikitia dawa mbele ya wenyeji, watasema nayadharau maji yao. Nilijificha nisiwaudhi. Kumbe nikawapa cha kusema.” Akachukua kichupa chake. “Haya, nenda nyumbani. Mama yako asije akasema nimekulisha kitu.”

Jumamosi asubuhi, kabla mkokoteni wa kubeba mizigo ya Mama Pacha haujafika, akaja bwana afya kwa pikipiki. Nesi wa zahanati ndiye aliyemwita. Aliwakusanya watu kisimani, akachungulia ndani, akanusa maji ya kwenye ndoo, akauliza, “Kuna choo kipya karibu na hapa?”

Watu wakatazamana. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya wote. “Kipo changu,” alisema, “ila shimo lake ni kavu.”

“Bwana afya, usijichoshe na vyoo,” muuza mkaa akadakia. “Mwenye kututia sumu yule pale! Huyu mtoto alimwona kwa macho yake. Chiriku, hebu sema!”

Macho yote yakamgeukia. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni pake, pacha mmoja kila upande.

“Sikumwona akitia kisimani,” alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. “Alitia kwenye ndoo yake mwenyewe. Ni dawa ya kusafisha maji. Mimi nilisema uongo.”

“Eti nini?” watu wakaguna.

“Na choo chetu...” Chiriku alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona, akaanza kulia. Lakini hakuacha. “Choo chetu kipo hapo nyuma. Walipochimba walifikia maji.”

Kelele zikalipuka. “Huyu mtoto ana wazimu!” muuza mkaa alifoka. “Juzi hivi, leo vile! Tuamini lipi sasa?”

Chiriku akaelewa jinsi inavyouma kusema kweli usiaminike. Akafunika uso kwa mikono. Ndipo alipohisi kiganja kikavu, chenye michubuko ya saruji, kikimshika bega.

“Mwaminini,” alisema Fundi. “Mtoto wangu anasema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya.”

Aliwaongoza wote hadi nyuma ya vyumba, akaondoa mchanga kwa koleo lake mwenyewe, akafunua mabati yaliyofunika shimo la choo. Bwana afya alitazama mara moja tu. Shimo lilikuwa limejaa maji karibu na mdomo, na yalikuwa yakipenya ardhini kuelekea kisimani.

“Nilijua tangu siku ya kwanza,” Fundi alisema, kichwa chini. “Wapangaji walikuwa wanangoja, na mimi nilikuwa nimechoka kukosa. Watoto walipoanza kuugua nikaogopa. Mlipomsingizia mama huyu, nikaona bora iwe yeye.”

Bwana afya alifunga kisima siku hiyo hiyo. Kiwanda kikaombwa kuleta maji kwa gari hadi kisima kisafishwe na kutiwa dawa. Choo kile kilinyonywa na kufukiwa, na Fundi akaamriwa kuchimba kingine upande wa chini wa kiwanja, mbali kabisa na kisima, akikaguliwa kabla ya kujenga. Wapangaji wawili walihama. Tajiri mmoja aliyekuwa akijengewa nyumba na Fundi akamnyang’anya kazi akampa fundi mwingine. Fundi hakulalamika. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kwingine alifungiwa mlango.

Watoto walipona mmoja mmoja. Mdogo wake Chiriku alipoanza kuiba sukari tena, mama alicheka hadi machozi.

Chiriku alikwenda kumwomba Mama Pacha msamaha. Dobi alikuwa akikamua shati, wala hakuacha.

“Ulinisingizia mbele ya watu wote,” alisema. “Sasa unaniomba radhi pembeni, tukiwa wawili?”

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, watu walipopanga foleni kwenye gari la maji, Chiriku alipanda juu ya ndoo aliyoipindua, akaeleza yote tangu mwanzo: alichokiona, alichokiongeza, na kwa nini alikiongeza. Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa aliinamisha kichwa, na siku hiyo akapeleka nguo zake kufuliwa. Mama Pacha akafungua mabegi yake. Hakuahidi kukaa sana. “Nitaona,” alisema.

Jioni, Chiriku alimsaidia baba yake kutoa udongo kwenye shimo jipya.

“Baba, umenikasirikia?”

Fundi aliegemea koleo, akajifuta jasho. “Nimekasirika, lakini si kwako. Sikiliza, mwanangu. Watu watazidi kuja hapa, na nyumba zitazidi kujengwa. Si jambo baya. Ndilo linalotupa kazi. Lakini tukibanana hivi, kosa la mmoja linaingia kwenye kikombe cha mwenzake. Mimi niliogopa kuulizwa, nikanyamaza. Wewe ulipenda kusikilizwa, ukaongeza chumvi. Na mzigo wetu sote wawili tukambebesha mtu ambaye kosa lake pekee ni kwamba hatumjui. Siku nyingine ukimtilia mtu shaka, nenda kamuulize kwanza. Na ukijua jambo la kweli liseme, hata likinigusa mimi.”

“Hata likikugusa wewe?”

“Hasa likinigusa mimi,” alisema Fundi, akateremka tena shimoni kuchimba.