Mkaja Usiofunguliwa

Kila alfajiri mkaja-hai uliamka kabla ya mwenyewe. Ulikaza kwa upana wa vidole viwili, ukapima, kisha ukanong'ona: "Kiuno, sentimita sitini na nane. Umeongeza nusu. Leo hakuna wanga."

Mhandisi Raya Mbwana aliamka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kwa miaka ishirini na minane hakuwa ameamshwa na kitu kingine.

Mkaja-hai ulikuwa utepe mpana wa nyuzi za umeme, nyembamba kuliko za buibui, uliofunika kiwiliwili kuanzia chini ya matiti hadi nyongani. Ulifanyisha misuli kazi kwa mishtuko midogo, uliinywesha ngozi dawa, na mkono ulipoelekea kwenye chapati ya pili ulibana tumbo hadi hamu ikakatika. Tanga nzima wanawake waliuvaa. Mwenye miaka sitini na tumbo lake alitazamwa kama nyumba isiyofagiwa. Picha ya Raya, aliyeubuni, ilining'inia katika kituo cha treni-anga, kiuno mbele.

Wazo lilitoka kwa mama yake, Bi Mwanamvua. Raya alipojifungua binti yake Hidaya, mama alimkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa khanga, yaani mkaja, kama wanavyofungwa wazazi wote. Raya akaona hapo kuna mashine. Aliwatembelea wakunga sabini, akarekodi kimo cha fundo, nguvu ya kuvuta, hata pumzi ya mfungaji. Kwanza waliuvaa waliojifungua tu. Baadaye wakaja wa miaka arobaini, wa hamsini, na wa sabini, wote wakitaka kubaki walivyokuwa.

Sasa Hidaya naye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba Raya alifika nyumbani kwa mama yake, Chumbageni, na mkaja-hai mpya ndani ya kisanduku. Hidaya alisema amechoka kujitazama, afungwe leo leo. Bi Mwanamvua, mwenye miaka themanini na minne, alisema mtoto aogeshwe kwanza, na kwamba leo ni zamu ya bibi yake, yaani Raya. Kwao bibi hukaa jamvini, hunyoosha miguu, na mtoto hulazwa juu ya miguu hiyo.

Raya alijaribu kukaa. "Mkao haufai," ulinong'ona mkaja, ukamnyanyua. Alijaribu tena, ukambana hadi machozi yakamtoka. Alibaki amesimama wima juu ya beseni kama nguzo ya taa.

"Mumeo anatetemeka," alisema Bi Mwanamvua, akimtania kwa mjukuu wake. "Au umemwona sura mbaya?"

"Mgongo, Mama."

"Kiuno cha mwari, na jamvi limekushinda." Bibi kizee aliugusa mkaja kwa kidole. "Huu anaufungua nani?"

"Haufunguliwi. Unaendelea kukutunza."

Bi Mwanamvua aliondoa kidole. "Mimi nilikufungua siku ya arobaini. Ulikuwa umelala, michoro ya mashine yako kifuani. Mzazi hufunguliwa mkaja, Raya. Ukishakaza, tumbo linaachiwa liwe la mwenyewe. Hao wakunga sabini hawakukwambia?"

Hawakumwambia, kwa sababu hakuuliza. Wao nao hawakudhani kwamba kuna mwanamke asiyelijua hilo.

Raya aliuamuru mkaja ufunguke. Ukataka sababu, ukamtajia mbili tu: upasuaji, au mazishi. Aliikumbuka siku alipoziandika. Wakati huo hakuona sababu ya tatu. Upasuaji ulihitaji saini ya daktari. Mazishi yalihitaji jamaa mmoja tu wa kuthibitisha.

Alimtazama binti yake. Hidaya alishika simu muda mrefu, kisha akabonyeza.

Mkaja ulilegea wote kwa mara moja. Sauti ile ile laini ikasema chumbani: "Poleni kwa msiba. Marehemu ametutoka akiwa na kiuno cha sentimita sitini na nane."

Hakuna aliyecheka. Tumbo la Raya lilishuka, jeupe, lenye mikunjo, geni kwake. Misuli ya mgongo ilikuwa imesahau kazi, akainama kama aliyebeba gunia. Mama yake alimshika kwapa, wakashuka pamoja, kidogo kidogo, hadi jamvini. Akanyoosha miguu. Mtoto akalazwa.

Maji yalikuwa yamepoa. Raya alimwogesha taratibu, akipumzika kila baada ya viganja viwili vya maji. Tumbo lilimjaa mapajani, mtoto akaliegemezea kichwa na kutulia.

Hidaya alikitazama kisanduku kwa muda, akakisukuma chini ya kitanda kwa unyayo.

"Bibi," alisema, "nifunge kwa khanga. Na siku arobaini nihesabie wewe."