Sahihi za Chumba Namba Tisa

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Fundi vioo alikuwa uani, anakata kioo cha dirisha juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Binti yao alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukupumzika. Lakini siku hizo alikuwa kimya.

Chiriku alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisomea uhandisi wa maji. Katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Tena alifika akiwa na uoni hafifu. Kitu cha karibu anakiona, lakini maandishi ya ubaoni kwake ni kama chokaa iliyomwagika.

"Mwanangu," baba alisema bila kuinua kichwa, "leo siku ya tisa uko nyumbani. Chuo kimefungwa?"

"Wiki hii hakuna masomo, baba."

"Na wiki iliyopita?"

Chiriku akainamia vidole vya miguu yake. Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba. Wote wawili walishuku jambo, ila hakuna aliyelitaja.

Mara pikipiki ikasimama nje. Dereva alileta bahasha yenye muhuri wa chuo. Mama akafuta mikono, akaifungua. Ndani mlikuwa na barua na karatasi mbili za maswali. Akasoma kwa sauti:

"Chuo kina mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa makundi yenye watu wachache chuoni. Hao ni wenye ulemavu, wasichana wa fani za ufundi, na wanaotoka familia zisizo na msomi wa chuo kikuu. Mpango huo sasa unafanyiwa tathmini. Tafadhali jazeni dodoso hili."

"Dodoso ndiyo nini?" baba aliuliza.

"Ndiyo haya maswali. Sikiliza. Baba wa mwanafunzi alisoma hadi darasa la ngapi? Nyumba yenu ina vyumba vingapi? Mwanafunzi ana ulemavu gani?"

Fundi aliweka chini kikatio chake cha kioo.

"Vyumba vyangu vinawahusu nini? Na darasa langu? Wanatafuta cha kumchekea mtoto."

Hakuwa anawaza ovyo. Chiriku alipoandikishwa alijaza fomu kama hiyo. Mwezi mmoja baadaye, picha yake ilibandikwa kwenye lango la chuo, kubwa kama mlango. Chini yake paliandikwa: "Tunawainua Wasiojiweza." Hakuna aliyemwomba ruhusa. Wenzake wakaanza kumwita Msiojiweza, wakimkosea hata sarufi. Na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Chana hizo karatasi," baba alisema.

"Tusichane kwanza," mama alijibu. "Ngoja nimwite jirani."

Jirani yao alikuwa karani wa takwimu katika zahanati. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuandika nani kaumwa nini na nani kapona. Alikuja na miwani yake kichwani, akaishusha, akasoma barua mara mbili.

"Dada, wanatuuzia mbuzi kwenye gunia hawa," fundi alimwambia.

"Inawezekana, shemeji. Lakini tathmini yenyewe si jambo baya. Tathmini ni kupima kama kazi inazaa matunda."

"Si waangalie tu wamesaidia wangapi?"

Karani akacheka. "Hapo ndipo watu wanapoangukia. Mwaka fulani tuligawa vyandarua mia tano. Tukaandika mia tano, tukapiga makofi. Malaria haikupungua hata kidogo. Tulipopita nyumba kwa nyumba, tukakuta vyandarua vimezungushwa kwenye bustani za mchicha. Kumbe vilikuwa vidogo, havifuniki vitanda vya watu. Tulihesabu tulichotoa. Hatukuuliza kama kimemfaa mtu."

"Kwa hiyo tujaze?" mama aliuliza.

"Sijasema hivyo. Kushuku si dhambi. Ila usikae na shaka yako mfukoni, itoe uiulize. Kabla hujajaza karatasi yoyote inayogusa maisha yako, uliza mambo manne. Nani anauliza? Majibu ni ya kazi gani? Nani atayaona? Na nikikataa, napoteza nini?" Akafikiri kidogo. "Na kama bado una pumzi, uliza la tano. Matokeo mtaturudishia?"

Chiriku akasema kutoka ngazini, "Hata wakijibu yote, mimi sirudi."

Mama aliangusha shati alilokuwa ameshika.

"Nimeacha, mama. Mwenzangu wa chumbani aliacha miezi miwili iliyopita. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza yuko wapi. Nami hawataniuliza."

Baba alijipangusa vumbi la kioo mikononi. Kisha akasema, "Vizuri. Jumatatu tutakwenda mimi na wewe. Kama ni kuacha, tutaacha tukiwatazama usoni."

Jumatatu wakafika chuoni. Picha bado ilikuwa langoni. Fundi aliitazama, akatema mate pembeni, akapita.

Ofisi ya mpango ilikuwa chumba namba tisa. Mlangoni palikuwa na kibao chenye neno lilelile: "Msaada kwa Wasiojiweza." Ndani walimkuta mratibu wa mpango, mwanamume wa makamo aliyefunga tai. Alikuwepo pia mwanamke mwenye viatu vya chini na daftari. Huyo ndiye mtathmini; hakuwa mtu wa chuo, aliletwa kutoka nje.

"Mzazi, umetumwa na nani?" mratibu aliuliza, macho yamemtoka. Naye alikuwa na shaka zake. Wiki nzima alikuwa anahisi kwamba mtathmini ameletwa kumfukuzisha kazi.

"Nimetumwa na miguu yangu," fundi alijibu. Akamgeukia mwanamke. "Mama, wewe ndiye unayetaka kuhesabu vyumba vyangu?"

Akamuuliza maswali ya karani, moja baada ya jingine. Mtathmini aliyajibu bila haraka.

"Ninauliza mimi na mwenzangu mmoja. Tunataka kujua nini kinamsaidia mwanafunzi na nini hakimsaidii, ili kirekebishwe. Karatasi tutaziona sisi wawili tu. Jina tunalikata, tunaweka namba."

"Na huyu bwana?"

"Mratibu hataona karatasi ya mtu. Ataona majumlisho."

"Tukikataa?"

"Binti yako hapotezi kitu. Hapa nimeandika hivyo na kutia sahihi."

"Na matokeo mtaturudishia?"

Mtathmini alisita. "Hilo sijui, baba. Chuo hakijaniahidi. Ninaliandika sasa hivi kama dai lenu."

Fundi alizoea wateja wenye majibu matamu. Hilo "sijui" lilimfanya avute kiti akae. Kofia, hata hivyo, hakuivua.

Mratibu akafungua daftari kubwa la mahudhurio. "Kabla hamjasema mengi, tazameni. Mwezi uliopita pekee kuna sahihi mia mbili za masomo ya ziada. Mpango unakwenda vizuri."

Mtathmini akamgeukia Chiriku. "Ningependa kukuuliza juu ya daftari hili. Unataka tuzungumze mbele ya mratibu, au faraghani?"

Chiriku alisogeza kiti karibu na meza. Alimtazama baba yake. "Mbele yake."

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Siku hiyo ulijifunza nini?"

"Sikujifunza kitu. Nilisaini nikatoka."

"Uongo huo!" Mratibu alisimama. Fundi naye akasimama.

"Kaeni, tafadhali," alisema mtathmini. "Mwacheni amalize."

"Tuliambiwa asiyesaini mara tatu ananyang'anywa kitanda cha bweni," Chiriku alisema. "Masomo ya ziada yanaanza saa kumi. Saa kumi sisi wa uhandisi tuko maabara. Tunatoka mbio, tunasaini, tunarudi. Mimi niliomba maandishi makubwa. Yananifikia wiki mbili baada ya jaribio. Na hicho kibao cha mlangoni, nani anataka kuonekana akiingia chini yake?"

Mratibu akaketi tena. Mtathmini akamuuliza, "Mwaka huu waliingia wangapi kwenye mpango?"

"Arobaini."

"Leo wapo wangapi?"

Mratibu akapekua. "Ishirini na saba."

"Kumi na tatu wako wapi?"

"Waliacha. Wengine hawana bidii tu."

"Nani aliwauliza?"

Mratibu akalifunga daftari.

Chiriku alikuwa na namba ya yule mwenzake wa chumbani. Alimpigia kwanza yeye mwenyewe, akamweleza ni nani wanataka kuzungumza naye na kwamba simu iko kwenye spika, mratibu anasikia.

"Asikie," mwenzake alijibu. "Kwani wanataka nini kwangu sasa?"

"Tunataka kujua kwa nini uliondoka," alisema mtathmini.

"Natembea kwa magongo. Maabara iko ghorofa ya pili. Kila siku naingia kipindi kimefika nusu. Niliandika barua tatu kuomba tuhamishiwe chini. Sikujibiwa hata moja."

"Barua?" mratibu alisema. "Mimi sijaona barua."

Fundi alimkazia macho. Mratibu akainuka, akafungua kabati, akavuta faili lililoandikwa "Mengineyo". Barua tatu zilikuwamo. Bahasha hazikuwa zimefunguliwa.

Alizishika kwa muda. Kisha akaketi polepole, kama mtu aliyeumwa mgongo.

"Ofisi ya juu inaniuliza sahihi tu," alisema. "Ngapi mwezi huu, ngapi mwezi ule. Basi nikawa nakusanya sahihi."

"Funika kombe mwanaharamu apite," fundi alisema.

Mratibu hakubisha. Aliinama kwenye simu. "Binti, barua zako ninazo hapa. Nilipaswa kuzifungua. Nisamehe."

"Hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa chuo kunipigia," sauti ikajibu. Haikusema imesamehe.

Chiriku alijaza dodoso siku hiyohiyo. Swali la vyumba aliliacha wazi, kwa amri ya baba. Mtathmini hakulazimisha. Baadaye alilifuta kabisa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumweleza lina kazi gani.

Kwa wiki tano mtathmini aliwahoji wanafunzi waliobaki. Aliwapigia pia wote kumi na watatu walioondoka. Akaandika ripoti. Picha ya langoni ilikuwa ya kwanza kuondoka, na kibao cha mlangoni kikafuata. Tangu hapo hakuna picha ya mwanafunzi inayotumika bila idhini yake ya maandishi. Wanafunzi wenyewe walichagua saa za masomo ya ziada. Hakuna tena anayetishiwa kitanda. Wanafunzi watatu wakawekwa kwenye kamati ya mpango, na Chiriku akawa mmoja wao.

Alirudi akiwa na shaka. "Muhula mmoja tu," alimwambia mama yake. "Nakwenda kuwaangalia."

Kila Ijumaa baba alimpigia. Hakuanza na habari za afya.

"Maandishi makubwa yamekuja lini?"

"Siku mbili kabla ya kipindi, baba."

"Yote?"

"Ya somo moja yamechelewa."

"Uliuliza kwa nini?"

"Niliuliza. Mashine ilikosa wino."

"Hm," baba alisema. "Wiki ijayo uliza kama wino umenunuliwa."

Ulikuwa umenunuliwa. Chiriku akafaulu mitihani yote, hata ule wa hesabu uliomtoa machozi mara ya kwanza. Maabara ya mwaka wa kwanza ilihamishiwa chini. Mwenzake wa magongo alirudi muhula uliofuata. Alikuja na begi dogo tu. Lile kubwa alilileta baada ya mwezi, aliporidhika.

Mwaka ulipopita, chuo kikapima tena. Safari hii wazazi walialikwa kusikia matokeo. Fundi alikaa mstari wa mbele pamoja na mkewe. Karani wa zahanati alikaa nyuma yao na kalamu mkononi.

Mratibu alisimama. "Waliingia arobaini na wawili," alisema. "Wameondoka wanne. Wote wanne tumewapigia. Wawili wamehamia vyuo vya karibu na kwao. Mmoja anaumwa, na nafasi yake ipo. Wa nne ametuambia kwamba mwalimu wetu wa hesabu za ziada hafundishi, anasoma kitabu kwa sauti. Tulikwenda kumsikiliza. Ni kweli. Hilo bado hatujalimaliza."

Watu walinong'ona. Hawakuzoea kusikia mkubwa akitaja kosa lake mbele ya wazazi. Fundi aliinamia sikio la mkewe. "Huyu leo anasema kweli," alisema.

Kisha mkono mmoja ukanyooka katikati ya ukumbi. Alikuwa mwanafunzi mpya, kwenye kiti cha magurudumu.

"Mlango wa maktaba," alisema, "kiti changu hakipiti. Mpaka nibebwe."

Mratibu alichukua kalamu, akaandika. Akainua macho.

"Tutaupima kesho asubuhi, wewe na mimi. Nini tena?"

Mikono sita ikanyanyuka.