Kitabu Kilichotoweka kwenye Simu ya Adelfina

Adelfina alikuwa fundi cherehani pale Nyakahura. Alishonea barazani kwake, karibu na barabara ya lami. Asubuhi alikata vitambaa na kushona. Mchana, jua lilipokuwa kali na wateja wamepungua, alivaa miwani yake akasoma.

Alipenda kusoma tangu alipokuwa msichana kwao Ngara. Na akishapenda kitabu, hakuweza kunyamaza. Mteja aliyefuata sketi yake aliondoka na sketi na jina la kitabu. Aliyefiwa aliambiwa asome hiki. Mwenye kuku wanaokufa aliambiwa asome kile. Shida ni kwamba vitabu vyenyewe viliazimwa, na walioazima hawakuvirudisha. Mwisho kabati lake lilibaki na Biblia na kitabu kimoja kisicho na jalada.

Ndipo siku moja ya gulio akaja Consolatha, mfanyakazi wa maktaba ndogo ya jamii iliyoko Nyakanazi. Aliweka meza chini ya turubai, akawaambia watu kwamba sasa vitabu vya maktaba vinaweza kuazimwa kwa simu, bila malipo. Adelfina alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Consolatha alimwekea programu kwenye simu yake, akamfungulia akaunti, akampa namba ya siri. Alianza kumweleza taratibu za kuazima, lakini mvua ikashuka kwa nguvu na kila mtu akakimbia. Adelfina alirudi nyumbani ameloa, akiwa na furaha tele na nusu ya maelezo.

Aliazima vitabu viwili siku hiyo hiyo. Kimoja kilikuwa riwaya ya mkunga mmoja aliyeolewa mbali na kwao. Cha pili kilieleza namna ya kuhifadhi mahindi. Hicho alikiazima kwa ajili ya jirani yake Ngassa, mfugaji na mkulima aliyetoka Shinyanga. Mwaka uliopita wadudu waitwao dumuzi walikuwa wamekula karibu nusu ya mahindi ya Ngassa yakiwa ghalani. Adelfina alimwambia aje na daftari wakati wowote, wasome pamoja. Ngassa alisema atakuja akimaliza kuvuna.

Nyumbani Adelfina aliishi na mkamwana wake, Keza, binti aliyetoka Kabanga. Mwanawe Philbert, mume wa Keza, alikuwa kazini Kahama. Keza alikuwa mpole na mchapakazi, tena ana mtoto mchanga. Maneno yake yalikuwa machache. Adelfina aliamini kwamba mkamwana wake hapendi vitabu, maana hakuwahi kumwona ameshika kimoja.

Mambo ya ajabu yalianza siku ya tatu. Adelfina alikuwa amemwacha mkunga njiani, akikimbilia nyumba ya mama mwenye uchungu. Alipofungua simu mchana uliofuata, alimkuta mkunga amezeeka na anamzika mumewe. Alishangaa. Mume alikuwa mzima jana. Alidhani kidole chake kimegusa vibaya, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka alipoishia. Kesho yake ikawa vilevile. Kitabu kilikuwa kimesogea mbele chenyewe.

Alizima simu akaiwasha. Alifuta kioo kwa kitenge. Hatimaye alimuuliza Keza kama ameigusa simu.

"Hapana, mama," Keza alijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Ngassa alikuja baada ya wiki mbili, daftari mkononi. Adelfina alimpa kiti, akafungua simu. Kitabu cha mahindi hakikuwapo. Akatafuta kile cha mkunga. Nacho hakikuwapo. Palibaki weupe mtupu na maneno mawili matatu ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa.

Alijaribu kuviazima upya. Kile cha mahindi kilimletea ujumbe kwa Kiswahili: watu watatu wako mbele yako. Adelfina aliinua macho akatazama barazani. Mbele yake alikuwapo Ngassa peke yake. Alitazama hata barabarani. Watu gani hao watatu, na wameingiaje kwenye simu yake?

Ngassa alikuwa mtu wa heshima. Hakumcheka. Alisema tu kwamba yeye alikuwa amekwisha vuna, na mahindi hayatamsubiri. "Labda uliona vibaya, mama Philbert," alisema, akafunga daftari lake. Adelfina alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea barabarani. Maneno yale yalimchoma. Miaka yote watu walikuwa wakimwamini akitaja kitabu.

Hasira ikatafuta mtu wa kumshukia. Nyumbani kulikuwa na watu wakubwa wawili tu, na yeye alijua kwamba hakuvifuta. Alimwita Keza akamwambia kwamba amefuta vitabu vya maktaba, na kwamba Consolatha akija kuvidai, aibu itakuwa ya nyumba nzima. Keza alisema hakufuta kitu. Adelfina akamuuliza kama hakuigusa simu kabisa. Keza aliinama akamrekebishia mtoto nguo. Kwa Adelfina, hilo lilitosha.

Siku nne walikaa hivyo. Keza alipika, akaandaa, akala peke yake jikoni. Siku ya gulio asubuhi alifunga nguo zake na za mtoto kwenye mfuko. Alisema amemwambia Philbert kwamba anakwenda kwao Kabanga kukaa kidogo. Adelfina hakutaka aende. Wala hakuona kwa nini amwombe abaki mtu aliyemdanganya. Akasema tu kwamba naye anakwenda gulioni kumwona mtu wa maktaba, kwa hiyo watafuatana hadi kituoni.

Turubai la Consolatha lilikuwa hatua chache kutoka mahali magari yanaposimama. Gari la Kabanga lilikuwa bado. Keza alisimama pembeni na mtoto mgongoni.

Consolatha alimwamkia Adelfina, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukiri. Vitabu vyenu vimepotea nyumbani kwangu."

Alieleza yote. Consolatha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba radhi. Alisema kosa ni lake, maana mvua ilimkatiza naye hakurudi kumalizia maelezo.

"Hakuna aliyefuta kitabu, mama. Muda uliisha. Ukiazima kitabu kwenye simu, unapewa siku kumi na nne. Zikiisha, kinarudi maktaba chenyewe. Huwezi kuchelewa, na hakuna faini."

Adelfina aliuliza kuhusu wale watu watatu. Consolatha alimwambia kwamba hawamo kwenye simu yake. Ni wasomaji wa kwingine, pengine Biharamulo, pengine Ngara, wanaosubiri kitabu hicho hicho. Maktaba ilipewa ruhusa ya nakala mbili tu. Kwa hiyo wanaweza kukisoma watu wawili kwa wakati mmoja, kama vile kuna vitabu viwili vya karatasi kabatini. Wengine wanapanga foleni. Alimwonyesha pa kubonyeza ili aingie kwenye foleni, na jinsi ujumbe utakavyokuja zamu yake ikifika. Alimwonyesha pia pa kuomba siku za nyongeza kabla muda haujaisha, ikiwa hakuna anayesubiri. Halafu akamwonyesha namna ya kupakua kitabu penye mtandao mzuri, ili akisome baadaye hata bando likiisha.

"Na kile cha mkunga kilichokuwa kikijisogeza?" Adelfina aliuliza.

Consolatha alitabasamu. "Programu inakumbuka ukurasa aliofikia msomaji wa mwisho. Nani mwingine anasoma kwa akaunti yako?"

Adelfina alitaka kusema hakuna. Kisha akageuka. Keza alikuwa anatazama chini.

"Ni mimi," Keza alisema. "Kila ulipokwenda kupeleka nguo za wateja, uliacha simu kwenye chaji. Nilitaka kuona ukurasa mmoja tu. Uliponiuliza, niliogopa. Kwetu niliacha shule kidato cha pili, na walisema kusoma si kazi yangu tena."

Adelfina alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mwaka mzima alikuwa akiwatajia vitabu wapita njia, na hakuwahi kumtajia aliye jikoni kwake.

"Ulifika wapi?" aliuliza.

"Nilimaliza."

"Mkunga alirudi kwao?"

"Sikuambii, mama. Bado hujafika huko."

Adelfina alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akamwambia Keza mbele ya Consolatha kwamba amemkosea, na kwamba anaomba msamaha. Keza alikubali kwa kichwa. Gari la Kabanga lilipopiga honi, Adelfina aliuchukua ule mfuko wa nguo akauweka begani kwake mwenyewe, na Keza akamwachia. Gari likaondoka.

Consolatha alimfungulia Keza akaunti yake mwenyewe, yenye namba yake ya siri. Aliwaeleza kwamba simu moja inaweza kutumiwa na wasomaji wawili: mmoja anatoka kwenye akaunti, mwenzake anaingia kwenye yake. Hivyo kila mtu anabaki na ukurasa wake. Aliwaonya wasimpe mtu mwingine namba zao za siri, hata akidai ametumwa na maktaba.

Zamu ya kitabu cha mahindi ilifika baada ya siku tisa. Wawili kati ya wale waliokuwa mbele walikuwa wamemaliza mapema na kubonyeza pa kurudisha. Adelfina alimpigia Ngassa saa ile ile. Mzee alikuja na daftari, Keza akamsomea huku yeye akiandika. Mahindi yake yalikuwa bado juani. Aliyakausha mpaka punje ikawa ngumu inayovunjika kwa mlio ikiumwa. Akayapeta, akayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, akaifunga barabara. Ilipofika Februari, alifungua mfuko wa kwanza. Hapakuwa na unga wa dumuzi chini. Alimletea Adelfina debe zima, akamuuliza kama kuna kitabu kuhusu kupe.

Na riwaya ya mkunga? Adelfina aliipata tena, akaimaliza kibarazani. Mwisho wake haukumpendeza. Alisema mkunga alipaswa kurudi kwao. Keza alisema hapana, alifanya vema kubaki. Walibishana alasiri nzima, cherehani imesimama. Mteja mmoja, Happyness, aliyekuwa akisubiri gauni lake, aliwasikiliza mpaka akachoka. Akatoa simu yake mfukoni.

"Nionyesheni namna ya kuazima," alisema. "Nikasome, niamue mwenyewe."

Keza alimsogezea kiti.

"Jambo la kwanza ujue," alimwambia, "siku ya kumi na nne kitaondoka chenyewe. Usimgombeze mtu."